Tuta la Mkondoa na Theluji ya Montreal

Januari 1979 mji wa Chicago, Marekani, ulifunikwa na theluji iliyokaribia nusu mita kwa siku mbili, juu ya theluji nyingine ya mwaka mpya iliyokuwa bado haijaondolewa. Treni za mjini zilikwama, uwanja wa ndege ukafungwa, takataka zikalundikana vichochoroni kwa majuma. Meya wa mji huo, Michael Bilandic, aliungwa mkono na mtandao wa chama ambao kwa miongo kadhaa haukuwa umeshindwa na mtu. Tarehe 27 Februari mwaka huohuo, katika kura za maoni za chama chake mwenyewe, wananchi walimwacha na kumchagua Jane Byrne, mwanamke ambaye wakubwa wa chama hawakumtaka. Aprili akashinda uchaguzi wenyewe na kuwa mwanamke wa kwanza kuuongoza mji ule. Zipo sababu nyingine za anguko la Bilandic, lakini hakuna anayelisimulia bila kuitaja theluji.

Huwa ninawapa wanafunzi wangu kisa hiki tunapofika kwenye mada ya uwajibikaji. Kisha ninawauliza: je, mnamjua kiongozi yeyote nchini mwetu aliyepoteza kiti kwa sababu ya tuta la mto? Darasa hucheka. Kicheko hicho kinanishughulisha kuliko majibu yote ya mtihani, kwa sababu kinamaanisha kwamba vijana wenye umri wa miaka 22 wamekwisha kuamini kuwa maji ni kazi ya Mungu, ilhali serikali kazi yake ni kuleta mablanketi.

Ninapotaja tuta nina tuta mahususi akilini. Kwa msomaji asiyeijua Kilosa, mji huu umekaa chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, pale mto Mkondoa unapochomoka kwenye bonde jembamba na kuingia tambarare ya Mkata, kabla ya maji yake kuelekea Wami. Maji hayo hayatoki Kilosa. Sehemu kubwa yanatoka mbali magharibi, kupitia Kinyasungwe, kutoka Dodoma na Mpwapwa, yakipita Gulwe. Ndiyo maana mtu wa Kilosa anaweza kulala bila tone la mvua na kuamka maji yako mlangoni. Wajerumani walipoisukuma reli ya kati kutoka Morogoro, ilikofika mwaka 1907, hadi Tabora, ilikofika mwaka 1912, waliipitisha katika bonde hilohilo kwa sababu ndiko mlima ulikoachia njia. Mji ukakua kandokando ya reli. Kwa maneno mengine, tulijenga mahali ambapo mto ulikuwa umezoea kupita, na tangu enzi za ukoloni mji ukawa unaishi kwa hisani ya tuta la udongo.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, mto ulilivunja tuta hilo. Maelfu ya watu walihama nyumba zao na wengi wakaishi kwenye mahema kwa muda ambao hakuna anayestahili kuishi kwenye hema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilichimbwa na kubebwa katika sehemu nyingi, na kwa miezi kadhaa abiria wa Kigoma na Mwanza walilazimika kwenda kupandia treni Dodoma. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, na barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika. Machi 2020 barabara hiyohiyo ikakatika tena, safari hii Kiyegeya. Ninataja haya matatu tu kwa sababu yalifika magazeti ya Dar es Salaam. Mkulima wa bondeni anayo orodha yake, ndefu zaidi, ambayo haikuandikwa popote.

Sasa tujiulize swali la lugha, maana lugha ndiyo inayopanga bajeti. Jambo linalorudi mara nyingi kiasi hiki, katika miezi inayojulikana, katika bonde linalojulikana, tunaliitaje? Sisi tunaliita maafa. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, tunazo kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji, na sina ugomvi nazo. Katesh, mkoani Manyara, Desemba 2023, matope ya Mlima Hanang yaliposhuka juu ya mji, yale yalikuwa maafa kwa maana kamili ya neno. Lakini neno likizoeleka huleta mazoea yake. Maafa hushughulikiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Msimu hushughulikiwa na mhandisi wa wilaya. Maafa hupata fedha za dharura na ununuzi wa dharura. Msimu hupata kasma katika kitabu cha bajeti. Maafa hayana mwenye kosa, na msimu una mtu wa kuulizwa. Ukiliita jambo la kila mwaka maafa, umelihamisha kutoka ofisi yenye mlango hadi ofisi yenye huruma.

Hapa ndipo theluji inaponisaidia. Nikiwa mwanafunzi niliishi majira mawili ya baridi katika mji wa Montreal, Kanada. Huanguka pale kiasi cha mita mbili za theluji kwa mwaka, na mji una takribani kilomita 10,000 za barabara na njia za waenda kwa miguu zinazopaswa kusafishwa. Ni adhabu hasa. Lakini sikuwahi kumsikia mtu yeyote pale akiita Januari maafa. Huiita Januari.

Utaratibu wao unastahili kuelezwa, kwa sababu fundisho lake linapatikana kwenye mambo madogo. Theluji ikifika sentimita 2.5, mashine za kusukuma huingia barabarani. Hakuna kikao, hakuna kusubiri mkubwa arudi safari, kiwango chenyewe ndicho amri. Ikilimbikana kufikia sentimita 10 hadi 15, huanza hatua ya kupakia: mitambo huitafuna theluji na kuirusha ndani ya malori, na malori huipeleka kwenye machimbo ya zamani ya mawe au kuimwaga kwenye mashimo maalumu ya mfumo wa majitaka. Barabara zimepangwa kwa daraja. Njia kuu na zile za hospitali huwa za kwanza, mitaa ya makazi hufuata, na kila mwananchi anajua yuko daraja gani. Kabla ya kupakia, vibao huwekwa mtaani vikitaja saa ambazo gari haliruhusiwi kuegeshwa. Ukiliacha, king'ora hulia, gari lako huvutwa hadi mtaa wa jirani, unalipishwa faini, na mji unakuonyesha lilipo. Kazi hii inafanywa na maelfu ya watu na mikataba yake husainiwa kabla baridi haijaanza, mingi ikiwa ya miaka kadhaa. Gharama yake inazidi dola milioni 150 za Kanada kwa mwaka. Wananchi wanailalamikia sana, wanawatukana makandarasi, wanaandika barua magazetini. Na malalamiko hayo yana anwani.

Ninasikia tayari sauti ya msomaji mmoja, mtumishi wa halmashauri, akisema: Daktari, unatulinganisha na Kanada? Ndiyo maana nataka nilitenge suala la fedha na suala la utaratibu. Mashine za Montreal hatuwezi kuzinunua wala hatuna cha kuzifanyia. Lakini kiwango kilichoandikwa kinachofanya kazi bila kusubiri amri, kalenda inayotangulia msimu, na jina la mwenye kazi linalojulikana kwa mwananchi, vitu hivi vitatu havihitaji dola milioni 150. Vinahitaji karatasi, na mtu aliye tayari jina lake liandikwe juu yake.

Zaidi ya hapo, ulinganisho huu una kasoro ambayo haimpendelei Mkanada, inatubana sisi. Theluji husubiri. Ikianguka usiku hukaa palepale hadi asubuhi, na mji unaweza kuifuata na mashine. Maji hayasubiri. Mkondoa ukishavunja tuta saa nane za usiku, hakuna tingatinga duniani litakaloufuata. Kwa hiyo kazi ya Montreal huanza baada ya theluji kuanguka, lakini kazi ya Kilosa lazima iwe imekwisha kabla ya mvua kunyesha. Mwenye adui mpole zaidi ndiye aliyejipanga mapema zaidi. Sisi tunaokabiliana na adui asiyesubiri ndio tunaomsubiri.

Tunamsubirije? Tazama kalenda. Kiangazi cha bonde lile, kipindi ambacho mto umepungua na udongo unashindilika vizuri, ni takribani Juni hadi Oktoba. Mwaka wetu wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kwa karatasi, hakuna mpangilio mzuri kuliko huo: fedha na ukame vinafika pamoja. Katika hali halisi, yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha menejimenti ya halmashauri anajua kinachotokea. Bajeti imepitishwa Juni. Mgawo wa kwanza unachelewa na ukija ni mishahara na madeni. Zabuni inatangazwa, inapingwa, inarudiwa. Mkataba unasainiwa Novemba. Greda na mvua vinafika Kilosa wiki moja. Mkandarasi anaomba kuongezewa muda kwa sababu ya hali ya hewa, na anapewa, kwa sababu kweli hali ya hewa ni mbaya. Nimeona barua za namna hii nyingi kiasi kwamba ningeweza kuandika moja nikiwa nimesinzia. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyevunja kanuni, na tuta halikuguswa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika, tena kwa Kiswahili safi, mkoa kwa mkoa. Ni moja ya taasisi zetu zinazotimiza sehemu yake. Lakini utabiri unaoelekezwa kwa "mamlaka husika" ni kama barua iliyoandikwa "kwa yeyote". Mamlaka husika ya tuta la Mkondoa ni ipi?

Nimewahi kuwapa wanafunzi wa shahada ya uzamili kazi ya kuchora mchoro wa mamlaka katika bonde hili, na mchoro uligeuka kuwa utando wa buibui. Maji ya mto yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Reli iko chini ya TRC. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, na barabara za wilaya na mitaa ya mji ni za TARURA tangu mwaka 2017. Ardhi ya kandokando inasimamiwa na halmashauri na vijiji. Misitu ya milimani ina wenyewe, mbuga ina TANAPA, na mafuriko yenyewe yakishatokea ni ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kila mmoja ana sheria yake, gari lake na mpango mkakati wake. Daraja lina mwenyewe, turuma la reli lina mwenyewe, kalvati ina mwenyewe. Tuta, ambalo likiondoka yote hayo yanaondoka nalo, ni la wadau. Na neno "wadau" katika utumishi wa umma, ndugu zangu mnajua, ni jina la heshima la mtu asiyekuwepo.

Laiti tuta lingekuwa kitu cha kujengwa mara moja na kuachwa, tungeweza kuishi na utata huo. Lakini tuta la udongo hufa polepole, na hufa kwa mambo ya aibu kuyataja katika hotuba. Ng'ombe wanapanda palepale kila siku kwenda mtoni, panakuwa na mkunjo. Mkunjo ndio mlango wa kwanza wa maji. Mtu analima mahindi juu yake kwa kuwa udongo wake ni mlaini na una unyevu. Panya na wanyama wengine wanachimba mashimo. Mti unaota, unakauka, mizizi inaoza na kuacha bomba la asili ndani ya ukuta. Mfyatua tofali anachukua toroli moja, kesho mwingine anachukua mawili. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mhandisi kulizuia; linahitaji mtu mwenye panga, jembe na mshahara wa kila mwezi anayetembea juu ya tuta Jumatatu na Alhamisi.

Na kuna jambo jingine la kutisha zaidi ambalo macho hayalioni. Milima inapokatwa miti na kulimwa bila makinga maji, mvua hushusha mchanga, na mchanga hutua pale mto unapopunguza kasi, yaani pale Kilosa. Kila msimu sakafu ya mto hupanda. Kwa hiyo hata tuta lisiloguswa na mtu wala mnyama hupungua urefu kila mwaka, kwa kuwa mto ndio unaopanda kulikaribia. Tuta lililotosha miaka 30 iliyopita linaweza lisitoshe leo likiwa na kimo kilekile. Wajapani, kupitia shirika lao la JICA, walifanya uchunguzi mrefu katikati ya muongo uliopita kuhusu namna ya kuikinga reli ya kati dhidi ya mafuriko katika eneo hili. Bwawa la Kidete, juu ya Kilosa, hutajwa kila maji yanaposhuka. Kwa hiyo hatukosi maarifa. Maktaba zetu zina mafuriko ya ripoti.

Wapo watakaosema tatizo limekwisha kwa kuwa tunayo reli mpya. Ni kweli kwamba reli ya kisasa, ambayo kipande chake cha Dar es Salaam hadi Dodoma kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, ni kazi ya kujivunia. Katika milima ya Kilosa imetobolewa mahandaki manne yenye jumla ya takribani kilomita 2.6. Wahandisi waliuheshimu mto na wakapita kwenye mwamba. Lakini tutazame kilichotokea: treni imepandishwa kutoka bondeni, mji umebaki bondeni. Uwezo wa kufikiri mbele ya maji tunao, fedha zilipatikana, na tumezitumia kumwokoa abiria anayepita kwa dakika chache. Mama anayeuza vitumbua stesheni ya zamani bado analindwa na udongo uleule.

Hili linanipeleka Mikumi. Mji mdogo wa Mikumi uko katika wilaya hiihii ya Kilosa, na unaishi kwa barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia, inayokatiza kiasi cha kilomita 50 ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Barabara hiyo ikipata shimo, mtu anapiga simu. Malori ya shaba ya Zambia na Kongo yakisimama saa sita, waziri anaulizwa. Mitaro yake hufyekwa, kingo zake huonekana, matuta ya kupunguza mwendo ili twiga na tembo wasigongwe yanarekebishwa. (Ndiyo, tunayo aina ya tuta inayotunzwa vizuri: ile ya kumlinda mnyama dhidi ya gari. Sina wivu na twiga, natamani tu bahati yake iwafikie majirani zake.)

Geuka kushoto au kulia utoke kwenye lami, ufuate njia ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa kupitia vijiji vya katikati, kikiwemo kimoja kiitwacho Ulaya. Mgeni hucheka akisikia kuna Ulaya ndani ya Kilosa. Mkazi hacheki katika miezi ya mvua. Mjamzito aliyeko katikati ya njia hii ana hospitali upande wa Mikumi na hospitali upande wa Kilosa, na maji yakipanda anaweza kuzikosa zote mbili. Katika Montreal barabara ya hospitali ni daraja la kwanza kwa maandishi. Kwetu nasi madaraja yapo, ila hayajaandikwa: la kwanza ni la mzigo unaopita, la pili ni la mkubwa anayekuja, la tatu ni la mwenyeji. Ningependa yaandikwe, hata yakibaki hivyohivyo, ili tuweze kubishana juu yake kwenye baraza la madiwani badala ya kubishana juu yake kwenye msiba.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siidharau. Inasema: watu wahame mabondeni, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni, serikali isigharamie ukaidi. Kwa mtu aliyevamia kingo za mto mwaka jana, hoja hii ina uzito, na halmashauri inayoendelea kumpimia kiwanja mtu mahali inapojua maji hupita inapaswa kuulizwa kwa ukali. Lakini mji wa Kilosa ni mkongwe kuliko sheria hiyo kwa karibu karne nzima. Tena mkulima wa bondeni hakai pale kwa ujinga. Mafuriko yanayombomolea nyumba ndiyo yaliyomletea udongo wa kulima mpunga na mboga. Ukimwambia ahame umemwambia aache kula. Wale wa Montreal wanapoliondoa gari lako mbele ya mashine, wanalipeleka mtaa wa pili na kukwambia lilipo. Agizo letu la kuhama, mara nyingi, linataja unapotoka tu.

Basi nini kifanyike, kwa wilaya isiyo na utajiri wa Kanada? Nina mambo machache, na yote yanatokana na vitu tulivyonavyo tayari. TASAF ina utaratibu wa ajira za muda, ambapo kaya maskini hulipwa ujira kwa kufanya kazi za jamii: kuchimba malambo, kutengeneza barabara za vijiji, kupanda miti. Sehemu ya ajira hizo katika kata zinazopakana na Mkondoa ielekezwe kwenye tuta, mitaro na makinga maji ya milimani, kila mwaka, kuanzia Julai, si pale fedha zitakapopatikana. Kaya inayolipwa kuchimba mtaro wakati wa kiangazi ni ileile itakayoomba unga wakati wa mvua mtaro usipochimbwa, na unga ni ghali zaidi. Mikataba ya matengenezo iwe ya miaka mitatu au minne, ili mkandarasi awe kazini tarehe 1 Julai bila kusubiri zabuni mpya. Nguzo za kupimia kina zisimamishwe Kidete, Kilosa mjini na penginepo mtoni, zikiwa na rangi ambazo hata mtoto anazielewa, na iandikwe kabla kwamba maji yakigusa rangi fulani, shule fulani inafunguliwa, magari fulani yanatoka, kitongoji fulani kinaondoka, bila mtu kumpigia simu mkuu wa wilaya kuomba ruhusa. Na kama ilivyokuwa kwa Mfuko wa Barabara, ambao kwa sheria sehemu kubwa ya fedha zake imefungwa kwa ajili ya matengenezo ili isiliwe na ujenzi mpya, pawe na fungu la kingo za mito ambalo haliwezi kuhamishiwa kwenye jengo la utawala.

Mambo haya hayana utepe wa kukata. Hili nalijua, na wanasiasa wanaosoma safu hii wanalijua kuliko mimi. Mtaro uliozibuliwa haupigiwi picha, na mafuriko ambayo hayakutokea hayampi mtu kura, wakati mgao wa mablanketi unampa. Ndiyo maana siamini kwamba nia njema pekee itatosha. Chicago haikupata mashine kwa sababu meya alikuwa na moyo mzuri. Mameya waliofuata walimwogopa mzimu wa Bilandic. Wanaharakati wa Morogoro wanaoniandikia kila mwaka wakitaka nitie saini maombi ya msaada kwa wahanga, nitaendelea kutia saini. Lakini ninawaomba wafanye na kazi nyingine isiyo na majonzi: wakati wa kiangazi watembee juu ya tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, wahesabu mikunjo, wapige picha kila mkunjo na kuandika tarehe, na wampelekee diwani orodha hiyo Agosti, si Januari.

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni, wakati maji ya Mkondoa yangali na rangi ya udongo. Ningefurahi kumsikia mbunge mmoja, wa chama chochote, akisimama kuuliza swali la nyongeza lenye vipengele viwili tu: ni ofisa gani, kwa jina na cheo, anayelitunza tuta la Mkondoa, na fedha zake kwa mwaka huu ziko katika kasma namba ngapi?